Kidole cha Achol

Juzi hapa Lodwar, kwenye simu ya mwenzangu kazini, niliona picha ya sarafu ya kale yenye uso wa Yesu. Niliijua. Ilikuwa ya bibi yake Achol, rafiki yangu wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma aliyetoka Sudan Kusini. Tulipokuwa watoto, mgeni mmoja mwenye kamera alipokuja kwetu kuipiga picha, mama yangu aliipaka mafuta ya kondoo, kama tunavyompaka mtu tunayembariki. Ua mzima ulinukia mafuta. Achol akaambiwa aishike.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe shika hii shuka," mgeni akasema. "Jua inamulika hiyo mafuta."

Roho iliniuma. Niliamini uso wa Achol ungebaki kwenye picha ya sarafu, kando ya Yesu. Kumbe pichani kuna kidole gumba chake tu.

Hata hicho nilikionea wivu.