Kamati Iliyomtafutia Mheshimiwa Mtoto

Kamati ya mazishi hutafuta jeneza, hema na mabasi ya waombolezaji.

Mwaka wa 2006, hapa Nairobi, niliketi katika kamati iliyoamua kutafuta mtoto wa marehemu. Ikampata jikoni.

Marehemu alikuwa Mheshimiwa Debra Mwihaki. Waziri mstaafu, kiongozi wa chama, mgombea urais aliyeshindwa mara mbili na mara zote mbili akahutubia kana kwamba ameshinda. Magazeti yalimwita mama wa taifa.

Taifa halikuulizwa.

Sifa yake kubwa ilikuwa moja: alipigania wasichana waliopata mimba shuleni waruhusiwe kurudi darasani. Kampeni hiyo iliitwa Hakuna Mtoto wa Aibu. Maneno hayo yalichapwa kwenye leso, kofia na tisheti. Wafadhili waliyapenda sana.

Mimi ni mhariri, naishi Riruta, na kazi yangu ni kuandikia watu wasifu wa marehemu wao. Alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha nani. Machozi ni ya wenyewe.

Tulikutana katika hoteli moja katikati ya jiji. Jamleck, katibu wa chama, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kando yake aliketi Kiarie, kifungua mimba wa Mheshimiwa, akichezea funguo za gari.

"Muchiri, hiyo kitu imefika wapi?" Jamleck akaniuliza.

"Karibu iishe. Nina swali moja kuhusu watoto."

"Tuko watatu," Kiarie akasema. "Mimi, Nyakio na Waringa. Hapo kuna swali gani?"

Lilikuwepo. Kwetu Wagikuyu majina ya watoto yana utaratibu. Binti wa kwanza hupewa jina la nyanya wa upande wa baba, wa pili hupewa la nyanya wa upande wa mama. Kwa Nyakio, mambo yalikuwa sawa. Lakini mama mzazi wa Mheshimiwa aliitwa Nyokabi, na binti wa pili aliitwa Waringa, jina la dadake Mheshimiwa.

Jina la nyanya halirukwi hivi hivi. Linarukwa likiwa limeshapewa mtoto mwingine.

"Nyokabi mwingine ni nani?" nikauliza.

Funguo zikanyamaza.

"Wewe ni mwandishi ama ni polisi?" Kiarie akasema. "Nyokabi ni yule wa jikoni. Ni mtu wa ukoo tu. Andika watoto watatu. Na akishapikia wageni wa mazishi anaenda, hiyo nyumba inauzwa."

Jamleck alinitazama kama mtu aliyeona kura zimemwagika barabarani na hakuna anayeziokota.

Jina peke yake si ushahidi. Kwa hiyo nikaenda Kitisuru, nyumbani kwa Mheshimiwa.

Nyokabi alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga leso, anapanga vikombe vya wageni. Kwenye sinki lilining'inia tambara lililokatwa kutoka tisheti ya kampeni. Neno "Aibu" bado lilisomeka.

"Karibu. Nikuwekee chai?"

"Asante, baadaye. Mheshimiwa alikuwa nani kwako?"

Hakushtuka. Alimaliza kwanza kupanga vikombe.

"Alinizaa akiwa shule," akasema. "Cucu, nyanya yangu, ndiye alinilea, huko Kinoo. Cucu alipokufa nikaletwa hapa. Siku ya kwanza aliniambia niwe nikimwita Madam."

"Na jina?"

"Ni la cucu. Waringa alipozaliwa walitaka kumpatia hilo jina. Cucu akakataa kabisa. Akawaambia Nyokabi wake yuko, na anakula vizuri."

Nchi nzima ilidanganyika. Bibi kizee mmoja wa Kinoo alikataa.

"Nikuandike pamoja na wale wengine?"

"Ukiandika ama usipoandika, hivi vikombe nitaviosha," akasema. "Lakini mahali pa kulala baada ya wiki hii, hapo ndipo sijui."

Kabla sijajibu, mlango ukafunguliwa. Jamleck akaingia amenyoosha mikono, Kiarie nyuma yake.

"Nyokabi, dada yetu!"

Nyokabi aligeuka kuangalia nyuma, kuona ni nani anayeitwa.

"Hii stori ni dhahabu," Jamleck akaendelea. "Msichana amepata mimba shuleni, amepambana, amekuwa waziri! Kumbe alikuwa anapigania maisha yake mwenyewe. Wakfu wake tunauzindua mwezi ujao. Wafadhili watalia, nakuapia."

"Mimi nilikuwa napinga," Kiarie akasema, "lakini nimefikiria."

Aliyefikiri kwa niaba yake ni Jamleck.

"Utasimama mbele ya kanisa," Jamleck akamwambia. "Useme tu vile mama alikupenda. Maneno machache. Na ile nyumba ndogo ya nyuma inabaki yako, maisha."

"Nikikataa?"

"Si unajua nyumba inauzwa," Kiarie akajibu, macho kwenye simu.

Nyokabi alikausha mikono kwa lile tambara, kidole kimoja baada ya kingine.

"Nimesikia. Nitasimama."

Nikaandika katika kichwa changu kwamba wamempata. Ushahidi ulionyesha hivyo.

Siku ya ibada kanisa lilijaa hadi ngazini. Wanasiasa waliokuwa wakimtukana kila kampeni walipokezana kumsifu. Mmoja alilia hadi miwani ikaanguka. Aliiokota, akahakikisha haijavunjika, akaendelea kulia.

Kisha Jamleck akapanda.

"Leo tunawafungulia siri ya ujasiri wa mama huyu. Naomba mumpokee kifungua mimba wa Mheshimiwa. Nyokabi!"

Kanisa likavuma. Kamera zikageuka. Wanawake waliovaa leso za kampeni wakapiga vigelegele.

Nyokabi alivaa gauni jeusi jipya lililonunuliwa na kamati. Alishika maiki kama mtu anavyoshika mwiko, bila woga.

"Mimi ni Nyokabi. Marehemu alikuwa Madam wangu. Nilimpikia, nikamfulia. Alipougua nilimwogesha, na hata hapo alitaka nimwite hivyo. Mimi sijawahi kumkaidi, na leo sitaanza. Kwaheri, Madam."

Akamrudishia Jamleck maiki. Akapita katikati ya kanisa, akatoka.

Hakuna aliyepiga makofi. Askofu alifungua kitabu cha nyimbo, akakifunga, akakifungua tena.

"Ni uchungu," Jamleck akasema kwenye maiki. "Dada yetu amelemewa na uchungu."

Tulizika. Wageni wa heshima wakarudi Kitisuru kwa chai.

Jiko lilikuwa baridi. Sufuria zote zilikuwa safi, zimefunikwa chini juu. Mezani palikuwa na lile gauni jeusi, limekunjwa vizuri, na juu yake lile tambara.

Kiarie alizunguka na kiberiti mkononi, hajui gesi inafunguliwa wapi. Nyakio aliuliza kama kuna mtu anajua majani ya chai yanakaa wapi. Wote wawili walilelewa katika nyumba hiyo.

Mawaziri walikunywa maji.

Wakfu ulizinduliwa. Picha ya Mheshimiwa ilibandikwa ukutani katikati ya jiji, akitabasamu, na chini yake yale maneno ya tisheti. Nyumba iliuzwa, ile ndogo ya nyuma ikiwemo.

Nyokabi nilimwona baadaye Kinoo, kando ya Waiyaki Way, akifagia mbele ya kibanda chake cha mboga. Nilimwambia kwamba wasifu niliuacha na watoto watatu, kwa sababu yeye hakuwa ameniruhusu.

"Uliandika ukweli," akasema. "Hao ndio alilea."

Kwa hiyo ukiona kiongozi anaitwa mama na nchi nzima, usianze kupiga vigelegele. Ingia kwanza jikoni kwake, umuulize aliyeshika sufuria anamwita nani.