Maziwa ya Kaburini

Kosa ninalokusudia kulieleza ni lile la kumlazimisha mtu apokee heshima tuliyomwandalia, kisha kumhukumu kwa jinsi mwili wake ulivyoipokea. Hutendwa na watu wema, tena kwa mikono miwili, na ndiyo maana halikemewi.

Katika miaka ya hamsini, mwaka uliofuata kifo cha baba, nilipelekwa Usangu kwa bibi mzaa baba kwa likizo ndefu ya shule. Mimi na mama tuliishi Kihesa, Iringa, katika nyumba aliyoijenga baba. Mama alikuwa binti wa mjini, wa familia ya Kiislamu yenye asili ya pwani, na ukoo wa baba, wafugaji wa ng'ombe, haukuwahi kuizoea ndoa ile. Safari hii yeye hakualikwa. Aliponipandisha basi la kwenda Mbeya alinikaza mtandio kichwani, akasema, "Chochote wakupacho, pokea. Usinitie aibu."

Kwa bibi likizo ilikuwa jina tu. Asubuhi nilifagia uwanja na kuteka maji, nikawafuata wapandaji shambani nikifukia mbegu. Jioni niliwashika ndama wakati wa kukamua. Ndama mwenye njaa ana nguvu kuliko anavyoonekana. Siku za mwanzo walinibwaga kwenye tope la zizini, na binamu zangu wakacheka hadi kukaa chini.

"Mkaze, mtoto wa chai ya rangi! Au msomee kitabu atulie!"

Nilijifunza kumbana ndama shingo kwapani na kuegemea kigingi. Jioni moja nilimshika ndama dume mwekundu mpaka bibi akamaliza kukamua, naye akanisifu mbele ya wote, kwa utani wa bibi na mjukuu: "Mke mwenzangu huyu ana mikono! Sikujua nimeletewa mshindani."

Desturi ya kaya ile ilikuwa kwamba aliyeshika ndama hunywa wa kwanza, akiwa amesimama, maziwa yangali na joto la ng'ombe. Nilikunywa kata nzima kwa fahari. Kabla ugali haujaiva tumbo lilijaa upepo, likanguruma, likanikata, nikakimbilia kichakani. Kesho yake ikawa vilevile, na siku zilizofuata.

Kwanza walicheka. Kisha wakanyamaza, na ukimya ule ndio nisioweza kuusahau. Bibi aliacha kuniita mke mwenza. Nikawa "wewe mtoto". Watu wa kaya ile waliamini kuwa baba hajaondoka. Alizikwa nyuma ya zizi, na magharibi ilipoingia kila mmoja alidai kusikia upande ule kikohozi chake, kile kikohozi kikavu kilichomuua. Mimi nami nilikisikia. Kila bibi alipomkamua ng'ombe aliyekuwa wa baba, alikwenda na kibuyu cha mwanawe akammiminia maziwa pale kaburini.

Siku moja baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa akitia mpini jembe, bila kujali kwamba nipo. "Damu ya kwetu haikatai maziwa," alisema. "Marehemu anamkataa huyu."

"Usiharakishe," bibi akamjibu.

"Siharakishi, mama. Siku ya tambiko la kumkumbuka marehemu atanywa kwenye kibuyu cha baba yake. Yakitulia tumboni, ni wetu. Yasipotulia, huyo mama yake atueleze alimtoa wapi. Na nyumba ya Kihesa irudi kwa wenyewe."

Nilielewa kila neno. Tangu hapo kila ngurumo ya tumbo langu niliisikia kama sauti ya baba akinifukuza. Nikiinama kufagia nilinong'ona, "Baba, ni mimi." Tumbo likajibu.

Siku ya tambiko akafika shangazi yangu, mdogo wake baba wa kumfuata, kutoka alikoolewa karibu na Mbeya. Alinikuta nikisugua vibuyu kwa mkono mmoja, wa pili umeshika tumbo.

"Unaumwa?"

"Siumwi, shangazi."

"Ndivyo alivyokuwa akisema baba yako," akasema, na uso wake ukabadilika.

Tulisimama kaburini jua likielekea kuzama. Bibi alikijaza kibuyu, akanipa kwa mikono miwili. "Kunywa na baba yako. Utakayobakiza ni yake."

Nikakiinua. Harufu ya moshi uliofukizwa ndani ya kibuyu ikanipanda kichwani, nikakishusha ghafla, maziwa yakanidondokea miguuni.

"Mmeona?" baba mkubwa akaguna.

"Mama, mpokonye mtoto hicho kibuyu," shangazi akasema.

"Wewe ni mgeni hapa siku hizi. Nyamaza," baba mkubwa akamkatiza.

"Nilinyamaza kaka alipokuwa hai. Hakuwahi kuyanywa haya, mama. Maziwa mabichi yalimkata tumbo tangu utotoni. Yake aliyanywa mbwa."

"Nilimwona akinywa! Kila jioni, mbele yangu!" bibi akasema.

"Ulimwona akiinua kibuyu. Fundo alilishika mdomoni, akaenda kulitema nyuma ya zizi. Mengine akampa mbwa. Mgando aliuweza, tena kidogo, kwa ugali."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia mara moja. Ulimchapa."

Bibi alilitazama kaburi. Ardhi pale juu ilikuwa imeshikamana, imefanya utando mweupe kwa maziwa ya siku nyingi. "Mwaka mzima," alisema polepole. "Mwaka mzima namnywesha."

Upande wa zizi kikasikika kikohozi, au huenda ni ng'ombe. Hata baba mkubwa aligeuza kichwa.

Bibi akakichukua kibuyu mikononi mwangu, akayamwaga maziwa mbali, nje ya njia. "Tumbo hili ni lake," akamwambia baba mkubwa. "Huyu asingeweza kulirithi kwa mtu mwingine. Nyumba ya Kihesa usiitaje tena."

Leo najua kuwa matumbo ya watu wengi hayawezi kumeng'enya sukari iliyomo katika maziwa, na kuwa maziwa yakiganda sukari hiyo hupungua. Naishi kwa mgando kidogo na chai ya rangi, wala sioni haya. Hata hivyo siamini kuwa elimu hiyo ingemwokoa bibi. Mtoto wake alimwambia ukweli mara moja, naye akamfundisha kudanganya kwa maisha yake yote. Hilo halihitaji daktari.

Mpaka nilipoondoka alikwenda kaburini kila magharibi, mikono mitupu, akazungumza kwa sauti ya chini kisha akatega sikio. Kikohozi hakikusikika tena. Sijui kama huko kulikuwa kusamehewa au kuachwa, na nimezeeka nikiwa bado sijui.

Niliporudi Kihesa nilimsimulia mama yote, ila majina sikuyataja. Alizitazama kuta za nyumba moja baada ya nyingine, kisha akataka kujua ni nani katika ukoo ule aliyetusemea. Nikamjibu: Shangazi.