Mwanasesere wa Choroko

Msinione nnacheka, haya ninazo, tena nyingi, ila kwa jambo hili nshachekwa mpaka nimeona bora nilisimulie mwenyewe, maana wakilisimulia wengine hulitia chumvi mpaka nakuwa mchawi niliyeingia nyumba ya watu na tunguri. Sikuwa na tunguri. Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitatu mwenye sindano, uzi na kiherehere.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, tunakaa Mkunazini, Unguja mjini, nyumba ya ghorofa ambayo ngazi zake ukizipanda ni kama unakwea mnazi. Mimi na mume wangu Haji na binti yetu Rukia, wa miaka mitatu, tulikuwa juu, na mama mkwe wangu, Bi Mwanakheri, chini yetu. Wifi yangu Zuhura, dada yake mkubwa Haji, alikuwa kaolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu, uchochoro huo huo. Na Zuhura alikuwa hanipendi. Wala simsingizii, sababu nilimpa mwenyewe: siku ya tatu ya harusi yangu, mimi bibi harusi, hina haijakauka vizuri, niliulizwa mbele ya watu biriani ya wifi yangu ikoje, na badala ya kuishia kwenye "nzuri", nikasema "nzuri, ila kavu." (Nani alinituma? Hakuna aliyenituma.) Miaka minne ikapita tunapeana salamu, na baada ya salamu kila mtu anatazama upande wake.

Sasa, Zuhura alikuwa hajapata mtoto. Miaka tisa ya ndoa, dawa za hospitali kanywa, kombe la aya kanywa, akakata tamaa akaacha kunywa, ndipo Mungu akampa mtoto wa kike. Alivyolindwa mtoto yule! Wanja wa duara kwenye paji la uso, hirizi mkononi, kisu chini ya godoro, na mgeni akisema "mtoto mzuri" akasahau kusema mashaallah, anatazamwa mpaka aikumbuke. Mimi nikaona hapa ndipo pa kupatana. Nitampelekea zawadi siku ya arobaini, siku mzazi anapotoka ndani, na iwe zawadi ya mkono wangu, si ya dukani. (Na hata ningetaka ya dukani ningeipata wapi? Wanasesere wa duka siku zile walikuwa wameadimika, na mzazi aliyetaka mwanawe achezee kitu alikitengeneza: gari la kopo la maziwa, kayamba la kifuu, mpira wa matambara.) Nikaamua kushona mwanasesere.

Mwili nikaukata kwenye kitambaa cheupe cha merikani, gauni kwenye pindo la kanga yangu nyekundu. Uso sikumtia, kwa sababu Bi Mwanakheri alipoona nashona alisimama juu ya kichwa changu akasema, "Macho usitie, Saada. Sanamu yenye uso kwenye chumba cha mtoto mchanga mie siitaki." Basi akawa kichwa kitupu cheupe, na kilemba. Ikabaki kumjaza.

"Tia sufi," Haji akaniambia, "kama mito."

Sufi ilikuwapo ndani, tena ya kutosha. Nikatia. Lakini mwanasesere wa sufi ukimkalisha anaanguka, ukimkalisha tena anaangukia upande wa pili, kama mlevi anayetafuta mlango wa kwao. Na mimi nilitaka anayekaa. Nilitaka Zuhura amuweke juu ya kitanda na watu wote waulize, huyu aliyekaa kwa adabu zake kashonwa na nani? Nikatazama huku na huku, nikaona kikapu cha choroko alizoniletea mama yangu kutoka shambani kwake Bububu, ngumu, kavu, ndogo ndogo, kama zimeumbwa kwa kazi hiyo. Nikaitoa sufi yote, nikatia choroko. Akakaa! Ukimtikisa analia chwaa, chwaa. Nilifurahi mpaka nikamwamsha Haji usingizi wake wa mchana aje amuone amekaa.

Kosa lenyewe ndilo hilo. Yaliyokuja baadaye yote yalikuwa yakilifuata nyuma tu, kama kuku na vifaranga vyake.

Arobaini ilikuwa Alhamisi. Jumatatu nikamkuta Rukia amempakata mwanasesere, anamlisha uji. Na mwanasesere hana mdomo, kwa hiyo uji wote umekwenda kichwani, kifuani, mpaka kwenye gauni. "Kashiba, mama," Rukia akaniambia. Nikamchukua nikamfua. Nilimfua hasa, nikamsugua kwa sabuni, nikamkamua, nikamtia maji tena, nikamwanika juani kule juu mpaka alasiri. Nje alikuwa mkavu kabisa. Ndani sikumuuliza. Nikamfukiza udi, nikamviringisha kwenye kitambaa, nikamtia ndani ya bweta na kulifunga, Rukia asije akamuona mtoto wake akamletea chakula cha usiku.

Jumatano nikamtoa kidogo kumtazama. Alikuwa kanenepa. Mishono imevutika, tumbo limejaa, na ukimtikisa halii tena. Haji akamshika, akampima kwa mkono.

"Saada, huyu mbona kama mja mzito?"

"Wanaume hamjui ushonaji," nikamwambia. "Nguo ikifuliwa inajikaza." Nikamfukiza udi mara ya pili, maana nilisikia harufu kidogo, nikasema ni harufu ya bweta.

Alhamisi baada ya alasiri, wanawake wa mtaa mzima wako sebuleni kwa Zuhura, maulidi yamekwishasomwa, kahawa inapita, halua inapita. Zuhura amekaa kama malkia juu ya kitanda alichotandikiwa pale sebuleni, gauni jipya, mtoto pembeni yake. Nikapita katikati ya watu na bahasha yangu ya kitambaa, nikampa mkono, nikamwambia hongera, nikaiweka mapajani mwake.

"Ahsante, wifi," akasema. Akaisogeza kando, pamoja na mawinda ya mtoto na mafuta waliyoleta wenzangu.

Mtu mwenye akili angekwenda kukaa. Lakini miaka minne nilikuwa sijapata kusikia "ahsante, wifi" kutoka kinywa kile, na lile neno likanipanda kichwani kama tambuu kali. "Fungua!" nikasema, tena kwa sauti. "Fungua, wifi, watu waone, nimeshona kwa mkono wangu!" Nikawageukia na wale waliokuwa nyuma: "Sogeeni muone!" Wakasogea.

Zuhura akafungua. "Mbona wa moto?" akauliza.

Sikupata kujibu. Alimwinua juu watu wamuone, na kama anavyofanya kila mtu akipewa mwanasesere, akamminya tumbo.

Mshono ukafumuka kutoka kooni mpaka kitovuni. Na ndani mwake vikatoka vitu. Vyeupe, virefu, vimelowa, kila kimoja na mkia wake, vimesokotana, vinamwagika mapajani mwa Zuhura kama vinavyotoka kwa pupa zao wenyewe, na pamoja navyo ikatoka harufu ya uji wa Jumatatu.

Sauti moja ikatoka dirishani: "Mafunza!"

"Si mafunza, ni nywele!" mwingine akapiga kelele. "Nywele za maiti! Audhubillahi!"

Sijui nani aliyemnyakua mtoto. Nilimuona tu anapita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, mpaka mlangoni, na yeye wala halii, anatazama dari. Birika la kahawa likaenda chini. Bi fulani mnene, ambaye kupanda ngazi tu kulikuwa kumemchukua robo saa, nilimkuta juu ya kiti, amesimama, kanga kaibana kati ya magoti. Wengine wanasoma, wengine wanasukumana kutoka, na wanaotoka wanawapisha wanaorudi kutazama.

Zuhura hakupiga kelele. Alibaki pale pale, vile vitu mapajani, uso umemwiva, akaniambia polepole, "Saada. Miaka tisa nimemngojea mtoto huyu. Umeniletea nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa si mchezo. Huyu mtu alikuwa akinidhania kweli. Na mimi, ambaye ulimi haujawahi kunikosa siku ambayo haukutakiwa, siku hiyo ukanikauka. Nikasema, "Choroko." Haikutoka. Nikasema tena, "Ni choroko, wallahi, choroko tu!" Nani anasikia, katika kelele zile? Basi nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najifunika shuka: ili waamini, nikachota konzi nzima ya vile vitu mapajani kwa wifi yangu, nikatia mdomoni, nikatafuna.

"Kala!" wakalia wote kwa pamoja. "Jamani, kala! Anavila!"

Nikatazama nyuma nimtafute mama mkwe wangu, mtu wangu wa pekee mle ndani, nikamuona Bi Mwanakheri ameshusha buibui lake mpaka kidevuni, amekaa kama mzigo ulioachwa na wenyewe.

Aliyeniokoa ni Bi Mize. Huyu alikuwa mkunga, mzee wa Bwejuu aliyehamia mjini zamani, na mtoto yule kazaliwa mikononi mwake. Muda wote ule alikuwa pembeni anakula halua yake, na sikumuona ameiacha hata kidogo. Sasa akajifuta vidole, akasema, "Nileteeni hapa hivyo vitu." Hakuna aliyethubutu, ikabidi nimpelekee mwenyewe, mdomo bado umejaa. Akachukua kimoja, akakisogeza karibu na jicho, akakipasua kwa ukucha, akakinusa. Watu wakanyamaza ili wasikie ni shetani wa kabila gani.

"Binti," akaniambia, "choroko hizi umezitoa wapi?"

"Bububu, Bi Mize. Kwa mama."

Akawageukia watu, amekunja uso kwa uchungu wa kweli. "Mimi kule kwetu Bwejuu nimepanda choroko misimu mitatu, nimepalilia, nimepiga dua, haijaota hata moja. Huyu kazitia ndani ya mtoto wa matambara zimeota zote!"

Kwanza hakucheka mtu. Kisha nikasikia sauti ya ajabu, kama mtu anakwama pumzi, nikageuka nikaona ni Zuhura. Amejishika tumbo, machozi yanamtoka, anajaribu kusema hawezi. "Haji," akasema, "Haji kaoa shamba!" Akaanguka juu ya mto. Akainuka, akanitazama na choroko zangu zinaning'inia mdomoni, akasema, "Afadhali biriani yangu, wifi. Ilikuwa kavu."

Sebule ikapasuka. Yule bibi wa juu ya kiti alicheka mpaka akashushwa na watu wawili. Hata lile buibui la mama mkwe wangu nikaliona linatikisika mabega. Nami nikacheka, nikalia, nikacheka tena, nikachukua kitambaa nikaanza kumpangusa Zuhura mapaja huku namwomba radhi, kwa ya leo na kwa ya miaka minne iliyopita, na yeye akinipiga piga mgongoni, "Basi, basi, meza kwanza."

Msifikiri yaliishia hapo. Mwezi mzima nikipita uchochoroni naulizwa mvua zitaanza lini. Muuza samaki aliniita Bi Mkulima, na Haji, mume wangu wa ndoa, alipoulizwa na rafiki zake barazani, alijibu kuwa mavuno yalikuwa mazuri.

Lakini wiki ya pili yake nikasikia mtu anapanda ngazi zetu, anahema, na aliyetokea mlangoni alikuwa Zuhura, ambaye tangu niolewe alikuwa hajazikanyaga ngazi zile. Mgongoni kambeba mtoto, mkononi ana kipande cha merikani na mfuko wa sufi. "Kaa," akaniambia, "tushone. Leo najaza mimi." Tukashona mpaka magharibi, tukasengenya watu wote wa arobaini mmoja mmoja, na mwanasesere tuliyemtoa hakuwahi kukaa hata siku moja katika maisha yake. Mtoto alimpenda hivyo hivyo, akimburura mguu mmoja mpaka akabaki tambara.

Mimi tangu siku ile niliapa, na kiapo sijakivunja: chakula nakitia chunguni, sikitii ndani ya nguo. Na nikipeleka zawadi kwa mzazi simwambii mtu afungue. Naiweka, nasema hongera, nakula halua yangu kwa utulivu, nashuka ngazi kabla hawajaigusa.