Maji ya Kumpulizia Mjukuu Wangu

Pikipiki sizipendi, na anayetaka kunibadilisha asijichoshe mdomo. Mwanangu wa pekee alikuwa dereva wa bodaboda, mjini Kyela na Ndandalo, mpaka lori la mpunga lilipomlalia barabarani. Tulimleta nyumbani Mwaya, tukamzika nyuma ya nyumba kwenye migomba, karibu na baba yake. Aliacha binti mmoja, bado yuko shule ya msingi. Mama wa mtoto alikuwa ameshaolewa kwingine. Nikamlea mimi, kwa jembe, kwa kokoa na kwa ukali. Akasoma mpaka chuo cha utalii. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kwa ajili ya yule mtoto kanisani nilikuwa nakaa benchi la mbele na shingo nimeinyoosha.

Aliponiambia amepata kazi Arusha, mapokezi kwenye hoteli, niliwatangazia wanawake wote. "Mjukuu wangu anapokea wageni. Anakalia kiti kinachozunguka." Kiti chenyewe sikukiona, nilikitunga, lakini niliona kinamfaa.

Halafu siku moja nikapita kwa jirani yangu mwenye duka la vitenge, mwanamke wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Akanipa simu yake nitazame. "Shoga, huyu si mke mwenzio?" Ndivyo tunavyotaniana sisi, bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza. Nikatazama. Alikuwa yeye, kwenye mchanga mtupu usio na hata jani, amekalia pikipiki kubwa kama ndama wa ng'ombe, na wazungu nyuma yake wamepanga foleni na mapikipiki yao.

"Imeandikwa nini?"

"Imeandikwa yeye ndiye anayewaongoza. Wametoka jangwani kaskazini mwa Kenya, watapita milimani, watashuka huku kwetu ziwani, kisha Malawi, mpaka upande wa pili wa Afrika ambako jangwa linaingia baharini."

"Kwa pikipiki?"

"Sasa, shoga, ulidhani kwa punda?"

Nilirudi nyumbani. Sikumpigia simu. Sikumwambia mtu. Nilikaa jikoni nachokoa moto na kunung'unika peke yangu, leo, kesho, keshokutwa.

Na kwetu Wanyakyusa hilo ni jambo la hatari. Mkubwa akimchukia mtoto wake anatakiwa aseme. Agombe, afoke, majirani wasikie. Akifunga hasira moyoni akawa ananung'unika kichinichini, pumzi yake inamfuata yule mtoto popote alipo, inampoza mwili, inamwangusha. Yakishasemwa yote, mkubwa anachukua maji mdomoni, anampulizia mtoto, yamekwisha. Nilijua hivyo tangu niko mgongoni kwa mama yangu. Nikanung'unika vilevile.

Walifika asubuhi nikiwa nageuza kokoa kwenye mikeka. Nilisikia ngurumo kutoka upande wa barabara, bata wakakimbilia migombani, na kabla sijasimama sawasawa uwanja wangu umejaa mapikipiki yenye masanduku pembeni, na watu waliovaa kama wanaenda kuzima moto. Mmoja alikanyaga mkeka. Nikanyanyua reki nimpige nayo. Yule wa mbele akavua helmeti, kumbe ndiye yeye, mjukuu wangu, uso mwekundu kwa vumbi, nywele amezinyoa fupi kama mwanamume.

Alipiga magoti kunisalimia, kama nilivyomfundisha. Vyuma alivyovaa kukinga magoti vikalia.

"Mugonile, bibi."

Nikaendelea kugeuza kokoa.

"Bibi, nakusalimia."

"Nimesikia. Kule mapokezi hawajambo?"

Akainamisha kichwa. Wazungu wakawa wanatabasamu, wanadhani tunajuliana hali. Mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe, alinyanyua simu akaanza kupiga picha.

"Bibi, nimeanguka mara mbili tangu tuanze kupanda milima," akasema kwa sauti ndogo. "Mahali pakavu, hapana hata jiwe. Nikajua kuna mtu nyumbani ana neno na mimi."

"Mtu gani? Nyumbani naishi peke yangu."

"Ndiyo, bibi."

Adabu ya namna hiyo ndiyo inayonichoma kuliko matusi. Nikamwambia kama anatafuta dawa ya kuanguka aende hospitali, au ashuke kwenye hilo lidude atembee kwa miguu kama watu. Akasema kesho wanavuka mpaka, safari bado ndefu, na watu wote wale wanapita pale anapopita yeye. Hawezi kuwatangulia akiwa na pumzi yangu mgongoni. "Sema yote, bibi. Nitukane. Halafu unipulizie maji niende."

"Sina la kusema."

Kwa kweli ningemwacha aondoke hivyohivyo. Lakini nilipogeuka nione ni nani anayezunguka nyuma ya nyumba, nikamwona yule mzee wa ndevu amesimama kwenye migomba, amepata kivuli chake, anajifuta jasho. Na helmeti yake ameiweka juu ya kaburi la mwanangu.

Sijui nilifikaje pale. Najua reki ilikuwa bado mkononi.

"Mwambie atoe chungu chake juu ya baba yako!"

Mjukuu wangu alikimbia, akaichukua mwenyewe, akamsukumia mzungu kifuani. Mzungu akasema maneno mengi, ameweka mkono moyoni. Sikutaka kujua.

Kelele zilimleta shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, anakaa shamba la pili. Alifika bado na panga la kupasulia kokoa mkononi, akatutazama mimi na mtoto, akaelewa bila kuambiwa. Akaingia ndani akatoka na maji kwenye kikombe.

"Shemeji, sema," akaniambia. "Huyu mtoto unamtesa."

"Namtesa mimi?"

"Sema, tumalize, nina kazi."

Basi nikasema. Nilisema mpaka jirani mwenye duka akaja akasimama njiani. Nilisema ni mwongo. Kila Jumapili ananiambia kwenye simu wageni ni wengi, bibi, nimechoka kukaa, kumbe amechoka kukaa juu ya pikipiki. Nilisema amenivua nguo mbele ya wanawake wa kanisani. Nilisema amejinyoa kama mfungwa, amenikanyagia kokoa, amenijazia uwanja watu wasiojua kubisha hodi.

Mzungu mmoja wa kike akamuuliza kitu.

"Anasemaje huyo?"

"Anauliza ni sherehe gani, bibi."

"Mwambie ni sherehe ya kuwafukuza."

Jirani yangu akacheka kule njiani. Shemeji akasema, "Endelea."

"Na kama hasira yangu inaangusha pikipiki," nikasema, "ningeiangusha ile ya baba yako hapa uwanjani, kabla hajaipanda."

Hapo mtoto naye akafoka. Sikuwahi kumsikia akinipandishia sauti. "Ulimpa mtu wa vyuma chakavu! Pikipiki ya baba! Nilikuwa nikitoka shule nakaa juu yake, nashika usukani alioshika. Nikarudi siku moja sikuikuta. Hukuniambia hata neno moja, ukaniwekea ugali nile!"

"Nilimpa, na ingekuwa leo ningempa tena. Ningekuwa na nguvu ningeitumbukiza ziwani."

"Basi na mimi nina neno na wewe!"

"Liseme!"

"Nimeshalisema!"

Tukabaki tunahema kama kuku waliopigana. Shemeji alinipa kikombe. Nilichukua maji mdomoni, nikamkabili mtoto. Alifumba macho, akainua uso, anangoja. Nikayameza.

"Umemeza!" shemeji akasema.

"Nimemeza kwa sababu neno bado lipo moyoni. Unataka nimpulizie uongo?"

Mapikipiki yalikuwa yamezimwa, hata wazungu wasiojua kitu waliona kuna kitu. Mtoto alifumbua macho. Akasema, "Basi siendi. Watafute mwingine." Akakaa chini kwenye udongo, na viatu vyake vile vizito, akaegemea mgomba. Na nilijua hatanii, maana ukaidi huo ni wangu, nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndivyo nilivyotaka, si ndiyo? Akae. Nilimtazama pale chini, nikaona atakaa kweli, atageuza kokoa na mimi, na kila siku atakuwa anasikiliza barabara. Na ile hasira yake itakuwa inanuna humu ndani pamoja na yangu, sufuria mbili kwenye jiko moja.

Nikaona afadhali niliseme.

"Mimi hapa nimezika mume, nimezika mwana," nikamwambia. "Umebaki wewe. Nikikuzika na wewe, mimi nitazikwa na nani? Na huyu shemeji? Mtazame alivyo, anasubiri zamu yake."

"Aa, shemeji," akasema shemeji.

"Hilo ndilo. Mengine yalikuwa kelele."

Machozi yalichora njia mbili kwenye lile vumbi. Mtoto akapiga magoti tena, hapohapo alipokuwa. Nikachukua maji, yaliyobaki yote, nikampulizia usoni, kichwani, mabegani, mpaka koti likalowa. Lile vumbi likawa tope. Shemeji akasema, "Ndaga fijo," asante sana, akarudi kwenye kokoa yake.

Waliwasha. Ngurumo ileile, bata walewale wakikimbia. Mjukuu wangu alivaa helmeti, akapanda, kisha akanionyesha kwa kidole ile pikipiki aliyoikalia.

"Na hii je, bibi? Hujaipulizia."

"Hiyo bado nina neno nayo," nikamwambia. "Nenda. Na huyo wa ndevu akae nyuma kabisa."