Damu ya Shangazi Kalolaine

Kalolaine wa Neiafu hakuwa na cheo serikalini. Alisuka mikeka, akafuga nguruwe, na kanisani aliimba sauti ya pili kwa nguvu kuliko waliopewa ya kwanza. Lakini alikuwa shangazi, na kwetu visiwani Tonga shangazi akiingia hata kaka yake hujiweka sawa. Kwenye karamu nyama huanza kwake.

Basi Pisila, binti wa kaka yake, akawa na macho ya manjano, akaishiwa nguvu hata za kuinua ndoo. Daktari akakuta uvimbe kwenye ovari. Utolewe, alisema, ila damu imepungua mno, hawezi kupasuliwa. Ukoo mzima tukaenda kuchangia. Mimi walinirudisha kwa uzee, wakanipa biskuti. Kalolaine alitangulia foleni, haki yake.

Semisi wa maabara, bwana asiyejua kupima maneno, akatoka akasema mbele ya watu: "Damu ya Pisila imeikataa ya shangazi yake."

Benchi zima likamgeukia shangazi. Kalolaine akakunja mkeka wake, akaenda zake.

Siku mbili daktari alihangaika. Damu zote ziligombana na ya Pisila, na ya Kalolaine ndiyo iliyogombana kidogo. Ingetiwa polepole, ingemfikisha kwenye kisu. Lakini Kalolaine mwenyewe akagoma kutoka nyumbani. Nikampeleka Semisi kwake, na vichupa viwili na kikapu cha viazi vikuu. Alituketisha karibu na nguruwe.

"Tazama, mama," Semisi akasema. "Humu ni damu yako na maji ya damu ya Pisila. Imeganda madonge. Na humu?"

"Madonge vilevile. Makubwa zaidi."

"Humu ni damu yake yeye mwenyewe. Ule uvimbe umeufanya mwili utengeneze kingamwili za kuzipiga chembe zake nyekundu. Anajikataa yeye kwanza."

Kalolaine akawaza. "Kwa hiyo mimi amenikataa wa mwisho."

"Wa mwisho kabisa, mama."

"Ungesema hivyo tangu juzi, domokaya wewe. Nipe viatu."

Pisila akapasuliwa, akapona. Ndani ya uvimbe mlikuwa na nywele na jino. Daktari alisema uvimbe wa aina hiyo upo. Kalolaine aliomba kuliona jino, akalitazama sana.

"Hilo ni la upande wa mama yake," akasema.

Miezi miwili baadaye macho ya Pisila yalikuwa meupe. Damu hakuhitaji tena, lakini Kalolaine alidai kipimo kirudiwe mpaka aone kichupa kisicho na donge. Kwenye karamu ya shukrani nyama ilianza kwake, kama kawaida, naye akamkatia Semisi sikio la nguruwe.

"Kula," akamwambia. "Upate la kusikia kabla hujasema."