Hofu ya Muuza Asali

Muuza asali wa Ng'ambo hamwamini mrina asali yeyote. Huchovya kijiti cha kiberiti kwenye kila dumu, na kikigoma kuwaka hutikisa kichwa: "Hii ina maji." Lakini tangu arudi kutoka Usinge, alikolala na mwanamke bila kondomu, anajikagua mwenyewe. Sikio likimwasha, ni ugonjwa. Akikohoa, ndio wenyewe. Kila asubuhi anakunywa maji ya kitunguu saumu huku akiniapia mimi rafiki yake kwamba yule mwanamke alionekana msafi.

"Kaka, kitunguu saumu hakipimi damu!" nilimfokea. "Tutakufa kwa aibu nchi hii, na dawa zipo!"

Jumatatu nikamburuta hadi zahanati. Alikaa kwenye benchi, kofia ameishusha mpaka puani. Mara akaingia mwanamke aliyejitanda kanga. Walipotazamana, wote wawili waliganda. Alikuwa yule wa Usinge.

"Umenifuata mpaka huku?" muuza asali alinong'ona.

"Nikufuate wewe una nini? Nimekuja kupima. Kwetu kila mtu ananijua. Tangu siku ile na wewe, usingizi sina."

Muuza asali aliruka kama aliyeumwa na siafu. "Unapima kwa sababu yangu? Mimi? Naoga mara mbili kwa siku!"

"Hata mimi naoga, baba."

Benchi zima liliangua kicheko. Kisha muuza asali akakaa, akasogea, akapangusa nafasi kwa kiganja chake kinachonata.

"Kaa basi," alisema taratibu. "Na mimi silali."