Risasi na Ufito wa Chai

Jumamosi za utotoni mwangu zilinukia mafuta ya bastola. Siku nyingine nyumba yetu karibu na Kiptere ilinukia majani chai mabichi, kama nyumba zote za pale, lakini Jumamosi baba alitandaza gazeti juu ya meza ya chakula, akatoa mashine ndogo ya chuma aliyoachiwa na meneja mmoja mstaafu, akaanza kujaza upya maganda ya risasi. Baba alikuwa msimamizi wa shamba la chai, mwenye kibali cha bastola na cha kujaza risasi, na alilenga shabaha katika kilabu kimoja nje ya mji wa Kericho. Miaka hiyo ya tisini risasi za dukani zilikuwa adimu. Mama hakuipenda mashine ile hata chembe. Aliikubali kwa sharti moja, alilolitamka mbele yetu: "Baba Chebet, hiyo kitu ikileta shida mara moja tu, inatoka kwa hii nyumba." Baba akakubali. Hakuwa na starehe nyingine, wala pombe wala mpira, kwa hiyo sote tulijua angepoteza nini.

Kilichomla muda ni kujua kichwa cha risasi kizame kiasi gani ndani ya ganda. Kikizama mno, alinieleza, baruti hukosa nafasi na nguvu yake huzidi. Kikichomoza mno, risasi haikai vizuri ndani ya bastola. Basi alitengeneza kwanza risasi ya kipimo, isiyo na baruti, akaung'oa mtutu na kuidondosha ndani. Ikikwama, alikizamisha kichwa kidogo tena. Mwishowe ilitua kwa mlio mkavu, ikazunguka kwa ncha ya kidole bila kukwaruza popote, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo, alitabasamu. Nyingine zote alizilinganisha na hiyo kwa desturi ya shambani. Mchumaji chai hulaza ufito mnyoofu juu ya vichaka na kuchuma kilichouvuka tu, ili shamba libaki tambarare. Baba alizipanga risasi kwa safu na kulaza ufito juu yake. Iliyochomoza ilirudi kwenye mashine.

Mwaka mmoja, karibu na shindano la kilabu, alipata vichwa vya aina nyingine, vinene na butu. Akavipima kwa ufito ule ule, bila kuung'oa mtutu. Mazoea yana taabu. Kwa macho ya mtu wa chai safu ile haikuwa na kasoro, maana mtu wa chai akiona usawa moyo wake hutulia. Lakini mabega mapana ya vile vichwa yaligusa chuma cha mtutu mapema, na kwa urefu ule hayakuwa na nafasi.

Siku ya shindano nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, nyuma ya watazamaji. Bastola ilikataa kujifunga, risasi imekwama mdomoni mwa mtutu. Wenzake wakamwambia, "Gonga na kiganja, itaingia tu." Baba aliitazama kidogo, akaitoa risasi, akajiondoa. Mama hakuwako kule, wala hakuwa na mtu wa kumpelekea habari, nami nilikwisha kuapa moyoni kwamba sitafungua mdomo.

Tulipofika nyumbani, baba alisimama kwenye mlango wa jikoni, koti bado mwilini. "Mama Chebet, leo nimekosea. Nilipima vibaya. Ningelazimisha, kichwa kingezama ndani, na pengine singerudi na huu mkono."

Mama aliendelea kusonga ugali. Nilimhurumia baba.

"Na nani alikuambia usilazimishe?"

"Hakuna."

Akaugeuza ugali kwenye sahani. "Kaa ukule. Hiyo mashine iache mahali iko."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na watu wengi huutumia usemi huo kuwasuta wengine; mimi hunikumbusha baba kwenye mlango ule wa jikoni. Sasa ninaishi Nakuru, na bastola sijaigusa maishani. Mwaka jana mume wangu aligonga gari letu, akalitengeneza kimyakimya. Habari nilizipata kwa fundi, aliyedhani najua. Gari halikuniuma. Nilikaa gereji pale nikilia, fundi akiniambia rangi imeshika vizuri, hata haionekani.